Siku Moja Bila Simu, Pamoja na Wenzako

 

Leo tuzungumze kuhusu upweke. Utasema, hapa Miritini nyumba zimebanana, mtu atakuwaje mpweke? Lakini mwenye mtoto mchanga aweza kumaliza wiki asizungumze na mtu mzima ana kwa ana. Mume yuko bandarini, mamake yuko bara, kilichobaki ni simu. Mtoto akilala, yeye anatazama picha za wenzake waliopendeza, usingizi unampita, na asubuhi anaamka na moyo mzito.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea, karibu mama 1 kati ya 5 waliojifungua hupata tatizo la akili, hasa huzuni kubwa.

Wenye fedha huenda hotelini siku mbili tatu, simu zikawekwa kando, wakajifunza na kuzungumza. Sisi tuna chama. Tengeni siku moja kwa mwezi isiyo ya michango. (Pesa zikiingia, mazungumzo yote hugeuka madeni!) Kaeni chini ya mwembe kwa mmoja wenu, au changeni nauli mwende bustani ya Mama Ngina, karibu na kivuko cha Likoni. Simu ziingie kikapuni, zimezimwa; moja tu ibaki wazi kwa dharura. Wanaonyonya waje, wakubwa wabaki na baba zao. Mwalikeni mhudumu wa afya ya jamii awafundishe jambo moja, kisha mzungumze wenyewe, kila mmoja apate zamu bila kukatizwa. Yanayosemwa hapo yasifike kisimani.

Kusikilizwa ni tiba. Huko Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha nyanya wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili za huzuni zilipungua.

Hata hivyo, kuna mama ambaye mazungumzo hayamtoshi. Ukiona mwenzako halali hata mtoto akilala, hali, au hataki kumshika mwanawe, na wiki mbili zimepita, mpeleke kituo cha afya. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kesho. Hospitali ya Port Reitz hapo Changamwe ina wodi ya wagonjwa wa akili. Fuatana naye, umbebee mtoto.