Pete ya uchumba: Almasi hupimwa kwa mambo manne

KATIKA jamii ya Abagusii, alama ya mke aliyeolewa kwa taratibu zote haikuwa kito. Katika sherehe ya enyangi, mke alivishwa ebitinge, yaani pete za chuma miguuni, na kila aliyeziona alitambua hadhi yake.

Leo, wapo vijana wa kaunti za Kisii na Nyamira wanaoanza safari ya ndoa kwa pete ya kidoleni. Iwapo pete hiyo ina almasi, macho matupu hayatoshi. Anayenunua bila maarifa huenda akalipa fedha ambazo zingemwongezea ng'ombe wa mahari, kisha akaambulia kioo.

Ubora wa almasi hutegemea mambo manne: uzito, mkato, rangi na usafi.

Uzito hupimwa kwa karati, na karati 1 ni gramu 0.2. Isichanganywe na karati ya dhahabu, ambayo huonyesha kiwango cha madini hayo: dhahabu ya karati 18 ni halisi kwa asilimia 75, na aghalabu hupigwa chapa ya 750. Aidha, almasi moja ya karati 1 huwa ghali kuliko mbili za nusu karati zenye ubora sawa.

Mkato ni kazi ya fundi, nao ndio huleta mng'ao. Jiwe lililokatwa vibaya hupoteza nuru chini na pembeni badala ya kuirudisha machoni. Ndiyo maana almasi ndogo iliyokatwa vyema huweza kuishinda kubwa kwa uzuri.

Rangi hupangwa kwa herufi, kuanzia D isiyo na rangi hadi Z yenye umanjano. Zenye rangi iliyokolea huhesabiwa kando, mathalani ile ya waridi kutoka Mwadui, Tanzania, ambayo John Williamson alimtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947.

Kuhusu usafi, wachongaji wa Tabaka wanajua jinsi ufa unavyoshusha thamani ya jiwe. Almasi hukaguliwa kwa lenzi inayokuza mara 10. Dosari isiyoonekana kwa macho haiharibu pete bali hupunguza bei, na hapo mnunuzi anaweza kuokoa fedha.

Wengi hupulizia jiwe pumzi ili kuona kama ukungu utatoweka upesi. Jaribio hilo halitoshi, kwani moissanite, jiwe la kutengenezwa, hupitisha joto karibu sawa na almasi. Nayo almasi ya maabara ni almasi kamili kikemia, ila bei yake ni ya chini mno ikilinganishwa na ya mgodini. Muuzaji anapaswa kutaja asili yake.

Kinga ya mnunuzi ni cheti cha maabara huru, kama vile GIA ya Marekani. Nambari ya cheti ikiwa imechorwa ukingoni mwa jiwe, ilinganishwe kwa lenzi. Risiti nayo itaje uzito, rangi, usafi na asili ya almasi. Muuzaji asiyekubali kuyaandika hayo, ni heri aachiwe jiwe lake.