Je, Kamari Ikipigiwa Hesabu Huwa Halali?

Miezi michache iliyopita nilipata barua ya kijana mmoja niliyemsomesha Kurani tangu alifu, na ambaye leo yuko Ohio, nchini Marekani, akitafuta elimu ya juu. Baada ya salamu na kuulizia hali za wazee, aliandika hivi: "Maalimu, huku kila Jumamosi vyuo vikuu hushindana kandanda ya Kimarekani, na wenzangu huweka dau. Nami nimeanza. Lakini mimi sibahatishi, napiga hesabu. Je, hii nayo ni kamari?"

Ndugu wasomaji, swali lililoulizwa kwa adabu halijibiwi kwa makemeo. Yatupasa kwanza tulitazame jambo lenyewe.

Katika kandanda hiyo, kuuvusha mpira mstari wa mwisho huleta pointi 6, na teke linalofuata huongeza 1. Kuupiga mpira ukapita baina ya milingoti huleta 3. Kwa hivyo michezo mingi huishia kwa tofauti ya 3 au 7. Sasa, chuo chenye nguvu kikikutana na kinyonge, nani angeweka fedha yake kwa mnyonge? Wenye kuchezesha kamari walilitengeneza hilo tangu miaka ya 1940 kwa kuweka mizani ya pointi. Husema: mwenye nguvu abebeshwe mzigo wa pointi 7. Basi aliyemchagua huyo hapati kitu mpaka ashinde kwa pointi 8 au zaidi, na aliyemchagua mnyonge hupata hata mnyonge akishindwa kwa 6. Tofauti ikiwa 7 barabara, kila mtu hurudishiwa dau lake.

Na kazi ya mizani ni nini, ila kusawazisha? Kujua timu ipi ina nguvu hakumfai tena mcheza kamari, kwani ujuzi huo umekwisha kutiwa katika ule mzigo. Kilichobaki hakipiti sana kurusha sarafu juu.

Tena kuna ujira wa mwenye mchezo. Desturi yao ni kuweka dola 11 ili upate faida ya 10. Mimi sikupita skuli ya msingi, lakini kujumlisha na kutoa twajua sote. Mtu akicheza mara 100, akapata 50 na kukosa 50, huingiza dola 500 na kutoa 550. Hata akipata mara 52 na kukosa 48, huingiza 520 na kutoa 528. Ameshinda zaidi ya alivyoshindwa, na bado ana hasara! Hana budi apate mara 53, si wiki moja bali mwaka baada ya mwaka, ndipo aone faida ya dola 13.

Kijana wetu aliniandikia kuwa silaha yake ni majeraha. Hutazama nani ameumia goti, nani bega. Akiumia yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulio, timu hupungua sana. Akiumia mwingine, hutazama anayeshika nafasi yake ni wa namna gani. Sikatai kuwa hiyo ni hesabu. Lakini habari hiyo ikitangazwa, wenye kamari nao huisikia, na mara hushusha mzigo kutoka 7 hata 4. Ukifika wewe na dau lako, mizani imekwisha sawazishwa tena.

Imebaki habari isiyotangazwa. Ligi ya wachezaji wa kulipwa hulazimisha timu zitangaze majeruhi kila wiki. Vyuo kwa miaka mingi havikuwa na sheria kama hiyo. Jumuiya ya vyuo iitwayo Big Ten ilianza mwaka 2023, na ile ya SEC mwaka 2024. Basi siri za miili ya vijana hawa zilikuwa kwa tabibu, kwa mwalimu wa timu na kwa wenzao, nazo ni amana. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Alabama kilimfukuza kazi mwalimu wake wa besiboli, na baadaye ikathibitishwa na wasimamizi wa michezo ya vyuo kuwa alimpa mcheza kamari habari za ndani za timu yake. Mchezo ni mwingine, lakini ugonjwa ni ule ule.

Nikamwuliza kijana wangu: "Siku uliposikia goti la kijana mwenzio limevunjika, ukaona umepata, moyo wako ulifurahia nini? Yule ana mama kama wako."

Sasa tuje kwenye hukumu. Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, haikukanusha kuwa kamari ina manufaa. Imetufundisha kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi. Na Al-Maida, aya ya 90 na 91, imetuonyesha matunda yake: uadui na chuki, na kuzuiliwa na sala. Yote haya yako Ohio. Kamari hiyo ilihalalishwa huko tarehe 1 Januari 2023. Mwaka uliofuata ilibidi serikali ya jimbo ikataze kuwekea dau mchezaji mmoja mmoja wa chuo, baada ya wasimamizi wa michezo kulalamika kuwa wanafunzi wanatukanwa na watu waliopoteza fedha. Na michezo huanza adhuhuri, hufuata ya alasiri, kisha ya usiku. Macho yako kwenye pointi, na sala zinapita.

Huenda mtu akasema: "Hata mfanyabiashara hukisia bei." Ni kweli, lakini mwenye duka akiuza kitambaa, mnunuzi huondoka na nguo, naye hubaki na fedha. Katika kamari hapana nguo. Lililoingia mfukoni mwako limetoka mfukoni mwa mwenzio bure. Wanavyuoni waliruhusu zawadi kwa wanaoshindana mishale, farasi na ngamia, kwa kuwa hayo ni mazoezi ya nguvu. Mtazamaji anayeweka dau hafanyi zoezi lolote.

Wazazi, msidhani jambo hili liko Marekani tu. Hapa kwetu kamari ya mipira ya Ulaya imo ndani ya simu za vijana wetu, na mizani ya namna hii wanaijua. Msiwaambie "haramu" mkaondoka. Kaeni nao na kalamu na karatasi, mhesabu pamoja ile 520 na ile 528. Kisha waulizeni lile swali la goti.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, walio karibu na walio ng'ambo. Amin.