Hofu haipimwi kwa fimbo ya chuma

"Daktari, kemikali za ubongo zinapimwa wapi?" Madaktari wa magonjwa ya akili wamelisikia swali hili hadi limewachosha, na mara nyingi muulizaji anakuja na karatasi mkononi. Imetoka kwenye mashine ndogo iliyounganishwa na kompyuta: mteja kataja umri, jinsia, urefu na uzito, kashika fimbo ya chuma kwa dakika moja hivi, kisha akapewa majibu kwamba serotonini yake iko chini. Mfukoni ana makopo ya virutubisho aliyouziwa hapo hapo.

Kwa mgonjwa wa wasiwasi, hazipimwi popote.

Kama asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, kwenye utumbo, na iliyomo kwenye damu haivuki ukuta unaoilinda ubongo. Kwa hiyo hata damu ikichukuliwa na maabara bora kabisa, majibu hayatasema lolote kuhusu hofu ya mgonjwa. Fimbo ya chuma haigusi hata hiyo damu. Inachoweza kukutana nacho ni unyevu wa kiganja, na kiganja cha mwenye wasiwasi hulowa jasho. Kumtazama mtu anayetetemeka, kumwambia ubongo wake umepungukiwa, kisha kumuuzia makopo, ni kumwibia.

Kibaya zaidi, dhana yenyewe ya upungufu imechakaa. Dawa zinazopandisha serotonini, kama sertralini na fluoksetini, zinawasaidia wengi wenye wasiwasi. Lakini zinaanza kugusa serotonini ndani ya saa chache tu, ilhali nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Kama tatizo lingekuwa pengo la kujazwa, mgonjwa angepona siku ile ile. Inadhaniwa kwamba kinachochukua wiki zote hizo ni seli za ubongo kujirekebisha taratibu.

Hofu ina njia nyingi. Yupo mwanamke wa Marekani anayejulikana kwa herufi S.M. tu, ambaye ugonjwa wa nadra uliharibu amigdala zake zote mbili, sehemu ya ubongo inayotajwa sana kuwa makao ya hofu. Alipelekwa kwenye duka la nyoka, akamshika nyoka na kumchunguza ulimi kwa udadisi. Ndipo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 akavutishwa hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dayoksaidi, na yule asiyeogopa nyoka akashikwa na kiwewe. Wagonjwa wengine wawili wenye madhara kama yake walipatwa na hali hiyo hiyo. Tishio linalotoka ndani ya mwili lilikuwa limepita njia nyingine. Na katika hofu, noradrenalini ya shina la ubongo, adrenalini ya tezi zilizo juu ya figo, na GABA inayopunguza kasi ya seli zinafanya kazi kwa pamoja. Nani atazipima hizo kwa kushika chuma?

Vipimo vyenye maana vipo, na ni vya kawaida: tezi ya shingo, sukari, wingi wa damu, kwa sababu hitilafu zake huufanya moyo uende mbio kama wasiwasi. Punguza kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Tiba ya mazungumzo inayomfundisha mgonjwa kukikabili kidogo kidogo anachokikimbia ina ushahidi mzuri. Dawa za serotonini ziandikwe na daktari, na zisikatishwe ghafla. Diazepamu, inayoongeza nguvu ya GABA, hutuliza haraka lakini huzoeleka. Usiinunue kiholela dukani, na aliyeitumia muda mrefu apunguziwe polepole, maana kuiacha kwa mkupuo kunaweza kuleta degedege. Propranololi humpunguzia mtu mapigo ya moyo na kutetemeka, ila mwenye pumu asiiguse. Na maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani yasiitwe wasiwasi na yeyote hadi moyo uchunguzwe hospitalini.