Mwasho wa Klorokwini

Wazee wetu wanaikumbuka klorokwini kwa mambo mawili: uchungu wake mdomoni na mwasho wake mwilini. Dawa hii ilitengenezwa kwanza Ujerumani mwaka 1934 na mkemia Hans Andersag, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo letu juu ya malaria. Kisha vijidudu vya malaria viliizoea, na mwaka 2001 Tanzania Bara ikaacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya ugonjwa huo. Sisi tuliozaliwa baadaye twameza dawa mseto, wala hatuijui adha waliyoipata wazee. Nimeona vema kuieleza, kwa sababu ilikuwa fumbo kwa muda mrefu, na fumbo lenyewe limefumbuliwa majuzi tu.

Mtu mzima alipaswa kumeza vidonge vinne siku ya kwanza, vinne siku ya pili, na viwili siku ya tatu. Saa chache baada ya vidonge vya kwanza, watu wengi walianza kuwashwa viganjani na nyayoni, kisha mwili mzima, kama kwamba wanachomwa sindano nyingi kwa pamoja. Ajabu ni kwamba mara nyingi ngozi haikutoa upele wowote. Bibi yangu asema usiku ule hapakuwa na kulala, naye alijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi ikachubuka. Siku ya pili wako waliovitazama vile vidonge vinne wakavitupa. Hapo ndipo ilipokuwapo hatari, maana malaria iliyotibiwa nusu hurudi, na kwa mtoto mdogo yaweza kurudi na kifo.

Waganga hawakukaa bure. Walitoa Piriton pamoja na klorokwini, kwa kuwa Piriton ndiyo dawa ya kuwashwa inayojulikana na kila mtu. Lakini mara nyingi ilisaidia kidogo tu, au haikusaidia kabisa. Mgonjwa alisinzia huku akijikuna. Kwa nini dawa inayotuliza mwasho wa mbu ishindwe na mwasho huu?

Yafaa kwanza tujue mwasho hutoka wapi. Katika ngozi mna ncha za mishipa ya fahamu, na juu ya ncha hizo mna protini ziitwazo vipokezi. Kipokezi ni mfano wa kufuli, na kemikali fulani ndiyo ufunguo wake. Ufunguo ukiingia, mshipa hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo, nasi twajikuna. Mbu akikuuma, seli fulani za ngozi hutoa kemikali iitwayo histamini. Histamini hufungua kufuli lake katika mishipa ya fahamu, nawe huwashwa; hufungua pia kufuli la namna ile ile katika mishipa midogo ya damu, maji huvuja kutoka humo, nawe huvimba.

Piriton hulishika kufuli hilo lisifunguke. Kwa bahati mbaya ubongo nao unayo makufuli hayo hayo, na huko histamini ina kazi njema ya kutuweka macho. Ndiyo maana mwanafunzi aliyemeza Piriton asubuhi haijui hesabu iliyofundishwa kipindi cha kwanza, na mwalimu asimwone kuwa mvivu. Dawa za baadaye, kama loratadini, huingia ubongoni kidogo sana, kwa hiyo hazisinzishi watu wengi.

Sasa turudi kwenye klorokwini. Mwaka 2009 Profesa Xinzhong Dong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, huko Baltimore, Marekani, walitangaza habari za panya wao. Walikuwa na panya wa kawaida, na panya wengine waliozaliwa bila vipokezi vya jamii moja viitwavyo Mrgpr. Walipowadunga klorokwini chini ya ngozi, panya wa kawaida walijikuna sana, lakini wale wasio na vipokezi hivyo walijikuna kidogo tu. Walipowadunga histamini, makundi yote mawili yalijikuna sawasawa. Kwangu mimi jaribio hili ni zuri kupita mengi niliyoyasoma, maana jibu lake halina mabishano: klorokwini yafungua kufuli lake yenyewe. Kwa binadamu kufuli hilo huitwa MRGPRX1. Basi Piriton ilikuwa ikilinda mlango mmoja, na mwizi akiingia kwa mlango mwingine.

Mwaka 2015 kundi hilo hilo likaonyesha kuwa ndugu wa kufuli hili, MRGPRX2, yuko juu ya zile seli zinazotunza histamini. Dawa kadhaa, mojawapo ni siprofloksasini tunayopewa kwa maambukizo ya bakteria, zaweza kulifungua. Ndipo tunapoelewa kwa nini mtu mwingine huwashwa au kuvimba mara ya kwanza kabisa anapoipata dawa, ingawa mwili wake haujapata kukutana nayo.

Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine nao huwashwa sana, na vidonge vya kuzuia histamini huwafaa kidogo. Kwao njia iliyopatikana ni ya kinyume. Mwaka 2021 Marekani iliruhusu dawa iitwayo difelikefalini, ambayo haizuii kufuli, bali hufungua kufuli jingine lililo katika mishipa ya fahamu, ambalo likifunguka mwasho hutulia. Dawa hiyo imeundwa isiingie ubongoni kwa urahisi, nayo hutiwa katika mshipa wa damu mwishoni mwa kila kipindi cha mashine.