Kabla Hujaizika Diski ya Seva

Watunza seva wa shule na SACCOS hunipigia simu kwa maneno yaleyale: "Fundi, diski imekufa." Nikiuliza wamejuaje, naambiwa wamechomeka flashi ya Linux, wamefika pale pa kuchagua diski, orodha ikaja tupu. Naomba mtu asitoe hata shilingi ya diski mpya kabla ya kuangalia mipangilio ya BIOS.

BIOS ni programu inayoamka kabla ya Linux au Windows. Inakaa kwenye chipu ya mazabodi, si kwenye diski. Jina limebaki mdomoni tangu kompyuta ya IBM ya 1981, ingawa seva za leo zinatumia mrithi wake, UEFI. Yenyewe ndiyo huamsha vifaa na kuvikabidhi kwa mfumo endeshi. Ikikificha kifaa, mfumo endeshi utaapa hakipo.

Chukua seva ndogo ya SACCOS moja, iliyonunuliwa ikiwa imetumika, yenye diski ya NVMe. Windows iliyokuja nayo iliwaka bila shida, lakini Linux haikuona kitu. Niliandika amri ya dmesg, inayoonyesha yote ambayo Linux imekutana nayo tangu kuwaka. Katikati ya mamia ya mistari, mmoja ulisema umeikuta NVMe moja iliyofichwa, na uliofuata ukaagiza wazi: toa BIOS kwenye RAID, weka AHCI. Jibu lilikuwa limeandikwa, ila hakuna aliyelisoma. Katika hali ya RAID, kidhibiti cha diski cha Intel kiliiweka NVMe nyuma ya mgongo wa SATA. Windows ilikuwa na draiva ya kuifuata huko, Linux haikuwa nayo. Tulizima, tukawasha huku tukibonyeza F2, tukabadilisha, tukahifadhi. Diski ikajitokeza na ukubwa wake wote.

Lakini usikimbilie kubadilisha. Kama diski zako zimeungwa kweli kwa RAID, kugusa hapo kunaweza kukupotezea data, kwa hiyo nakala rudufu itangulie. Na Windows iliyosakinishwa ikiwa RAID, ukiihamishia AHCI ghafla, mara nyingi itagoma kuwaka na kukuletea skrini ya buluu, kwa sababu imeamka bila draiva inayohitaji. Ipange kwanza iwake katika hali salama, ndipo ubadilishe.

Mashine pepe nazo zina kisa chao. Prosesa za Intel zilianza kupewa VT-x, uwezo wa kuendesha mashine hizo, mwaka 2005, lakini baadhi ya seva hufika ikiwa imezimwa. KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe, ikikataa, dmesg itakwambia kwamba BIOS ndiyo iliyofunga. Hapo hakuna cha kununua.

Ukubwa wa diski pia huwachanganya watu. Seva ikiwashwa kwa njia ya kale badala ya UEFI, mara nyingi diski hugawanywa kwa mpango wa MBR, ambao kwa kawaida hauvuki TB 2. Ukinunua diski ya TB 4, karibu nusu yake italala bure. Kwenye Linux, tazama kama folda ya /sys/firmware/efi ipo. Isipokuwepo, umewaka kwa njia ya kale.

Kinachoniudhi zaidi ni betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu, yenye volti 3. Kwenye seva nyingi za zamani ndiyo inayoshika saa na mipangilio wakati umeme umekatika. Ikichoka, seva iliyofanya kazi Ijumaa huamka Jumatatu ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma na mipangilio ya kiwandani, diski zikiwa zimefichwa tena. Watu hulaumu Linux, wakati ukiigusa betri kwa mita utaona volti zimeshuka. Kusasisha BIOS nako kunaweza kurudisha mipangilio ya mwanzo.

Kwa hiyo siku seva ikiwa nzima, ingia BIOS, piga picha kila ukurasa kwa simu, uzihifadhi nje ya seva hiyo. Siku ukinipigia, nitumie hizo picha na mistari ya dmesg kabla hujaniambia diski imekufa.