Tengboche: Maji na vyoo kwa wapitao, si wakaao tu

MONASTERI ya Kibudha ya Tengboche, mashariki mwa Nepal, iko mita 3,867 juu ya usawa wa bahari, kwenye njia ya waendao Mlima Everest.

Wenyeji wake, Washerpa, walikuwa wafanyabiashara wa mpakani: walivusha nafaka hadi Tibet kupitia pito la Nangpa La, wakarudi na chumvi. Biashara hiyo ilipodorora, wageni wakawa tegemeo lao. Lakini kila mgeni hunywa maji na kwenda msalani.

Huko juu, kazi hiyo si nyepesi. Maji hayapandi mlima yenyewe, hivyo chemchemi inayotegemewa lazima iwe juu ya makazi, na vyoo viwe chini yake, mbali na mkondo. Bomba hufukiwa ardhini lisipasuliwe na barafu. Kwa baridi, kinyesi huoza polepole mno na shimo hujaa upesi.

Kuchemsha maji kwa kuni nako humaliza msitu unaoshikilia udongo wa miteremko. Umeme huokoa miti, ila unataka uangalifu: mwaka 1989 moto uliotokana na hitilafu ya umeme uliteketeza monasteri, ikajengwa upya na kuzinduliwa mwaka 1993.

Wafanyabiashara wanaopanga foleni mpakani wanalijua tatizo hili. Choo kilichojengwa kwa hesabu ya wakazi hakiwatoshi wapitao, na kipindupindu hakiulizi pasipoti. Mahali panapoishi kwa wapita njia, hesabu ya maji na vyoo ianze na wao.