Mifupa ya Burma na Lugha ya Maabara

Majuzi katika Soko la Burma, mwuza nyama mmoja alimuuliza mwanafunzi wa uzamili niliyefuatana naye, msomi wa kemia ya dawa: "Mifupa hii mitupu mwaipeleka wapi?" Kijana akajibu kwa Kiingereza, kisha akanitazama nimwokoe.

Hali jambo lenyewe si gumu. Mfupa wa ng'ombe ukichomwa tanurini hubaki madini ya kalsiamu na fosfeti, yanayokaribiana sana na ya mfupa wa binadamu; ndiyo maana hutumika kuziba pengo la mfupa uliovunjika. Ukitokoswa kwa muda mrefu, hutoa jelatini, inayofanyizwa maganda laini ya vidonge. (Nyingine hutokana na nguruwe, habari ambayo Mwislamu angependa kuipata kabla ya kumeza.)

"Kumbe ni ule mgando wa supu iliyolala!" akasema mwuza nyama.

Nilimshauri kijana atangulize ukurasa mmoja wa Kiswahili katika tasnifu yake. Msimamizi wake ameukataa, eti lugha yetu haina istilahi. Mwuza nyama alikuwa nayo moja, nami nimekwisha kuiandika daftarini.